Mbona sisi tumeweza?

Juni iliyopita nilikuwa Minneapolis kwa mjomba wangu, kwenye sherehe ya binti yake aliyehitimu chuo. Pilau lilishaliwa, kina mama wamehamia ndani, na sisi wanaume tumebaki uani tukizunguka jiko la mkaa lisilo na nyama tena. Mmoja akamtaja George Floyd, kwa kuwa njia panda alipouawa Mei 2020 haiko mbali na pale. Mjomba akaweka soda yake chini.

"Mimi nimekuja hapa na begi moja," alisema. "Nimebeba boksi. Usiku nawaogesha vikongwe, mchana niko darasani. Leo nina nyumba, na mtoto huyo amehitimu. Ngozi yangu ni hii hii. Sasa hawa Wamarekani weusi, waliozaliwa hapa hapa, Kiingereza chao, makaratasi wanayo tangu tumboni, mbona sisi tumeweza?"

Watu wakacheka, wawili watatu wakaitikia, mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Swali likabaki nami. Nimelisikia mara nyingi mno, kwa Wabongo na kwa Wakenya, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye viti vya vinyozi, na mwenye kuliuliza ama hupigiwa makofi ama hutukanwa. Mimi naona ni swali halali. Lina ukweli ndani yake, na lina tobo.

Nianze na ukweli. Marekani ya leo si ile ya Agosti 1955, ambapo Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuwatembelea ndugu zake Mississippi, aliuawa kwa madai ya kumchokoza mwanamke wa kizungu dukani. Washtakiwa wawili waliachiwa na jopo la raia 12, wote wanaume wa kizungu, na miezi michache baadaye wakalisimulia jarida moja, kwa malipo, jinsi walivyomuua. Derek Chauvin, askari aliyemkandamiza Floyd shingoni kwa goti, alipewa kifungo cha miaka 22 na nusu. Katikati ya matukio hayo mawili kuna sheria ya haki za kiraia ya 1964, ya kura ya 1965, ya makazi ya 1968, na rais mweusi aliyechaguliwa mara mbili. Shirika la Gallup lilipouliza mwaka 1958 kama ni sawa mweusi na mzungu kuoana, asilimia 4 tu ya Wamarekani walikubali. Mwaka 2021 walifika 94. Najua watu hudanganya kwenye kura za maoni, lakini hata kuona aibu kutamka alichokitamka babu yako kwa sauti ni mabadiliko.

Upande wa mjomba una watu wazito kuliko yeye. Wapo wachumi na majaji weusi wanaosema ubaguzi wa leo haueleweshi hali ya leo. Hoja yao kali ni ya familia. Mwaka 1965, mtoto mmoja kati ya wanne wa Wamarekani weusi alizaliwa na mama asiyeolewa. Siku hizi ni karibu saba kati ya kumi. Kama ubaguzi ndio unaovunja familia, wanauliza, mbona familia ilisimama pale ubaguzi ulipokuwa mkali zaidi? Kuna majibu: viwanda vilivyowapa baba zao mshahara viliondoka Detroit, Cleveland na Chicago, jela zikajaa, na hata kwa wazungu kiwango hicho kimepanda mara kadhaa. Lakini hakuna jibu linaloifuta hoja yote, na sioni kwa nini tujifanye lipo.

Hata kwenye polisi mambo hayako kama yanavyochorwa kwenye mabango. Mwaka 2016 mchumi mweusi wa Harvard, Roland Fryer, alichambua takwimu za matumizi ya nguvu. Alipohesabu kusukumwa ukutani, kufungwa pingu na kuelekezewa bunduki, aliona weusi wanatendewa hivyo zaidi ya wazungu kwa asilimia 50 na zaidi. Alipofika kwenye kupigwa risasi, hakuikuta tofauti hiyo, na mwenyewe alikiri kushangaa. Wengine wamezipinga mbinu zake. Ila mtu akija na matokeo yanayoudhi pande zote mbili, mimi huwa naelekea kumsikiliza.

Sasa tobo.

Kesho yake mjomba alikuwa akitafuta karatasi ya bima kwenye lile faili la plastiki ambalo kila Mbongo wa Marekani analo, lenye kila risiti tangu siku aliyotua. Akanipa rundo la karatasi za nyumba nimshikie. Nyumba ni ya mbao, ya miaka ya 1940, vyumba viwili chini na kimoja darini. Kati ya nakala za hati za zamani palikuwa na ukurasa uliopigwa taipu, na ndani yake sharti: kiwanja hiki kisiuzwe, kisipangishwe wala kukaliwa na mtu asiye wa asili ya kizungu, isipokuwa mtumishi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wake. Nikamsomea. Akavaa miwani, akasoma mwenyewe, polepole. "Ya zamani hii," akasema. "Haina nguvu." Akaendelea kutafuta bima.

Ni kweli haina nguvu. Mahakama ya Juu ilizikataza mahakama kuyatekeleza masharti ya aina hiyo mwaka 1948, na sheria ya 1968 ikayaharamisha kabisa. Minnesota yenyewe, jimbo anakoishi mjomba, tangu 2019, inamruhusu mwenye nyumba kulitangua rasmi. Shida ni kwamba miaka ambayo ukurasa ule ulikuwa na nguvu ndiyo miaka ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Marekani alipata nyumba yake ya kwanza, tena kwa mkono wa serikali.

Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Roosevelt iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba. Watu wake walichora ramani za miji zaidi ya 200 kwa rangi nne: kijani kwa mitaa bora, kisha buluu, njano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kukopeshwa. Mtaa wenye weusi ulipakwa nyekundu karibu kila mara, hata kama wakazi wake walikuwa walimu na wahudumu wa treni wenye mshahara wa uhakika. Mwaka uliofuata ikaja mamlaka ya shirikisho ya kudhamini mikopo. Hiyo ndiyo iliyogeuza maisha: benki ilipojua serikali itailipa, ilimkopesha fundi wa kawaida kwa malipo madogo ya mwanzo na muda mrefu. Na mamlaka hiyo iliandika kwenye miongozo yake kwamba kuchanganya rangi kunashusha bei.

Ukitaka kuugusa ubaguzi huo kwa mkono, nenda Detroit, karibu na barabara ya 8 Mile. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za wazungu pembeni ya mtaa wa weusi. Mamlaka ikakataa kuidhamini mikopo yake kwa kuwa weusi walikuwa karibu mno. Akajenga ukuta wa zege kati ya mitaa miwili, kimo cha mtu mzima, urefu wa kama mita 800. Dhamana ikatoka. Ukuta bado upo. Sehemu yake imechorwa picha za rangi, na kando yake kuna uwanja wa watoto kuchezea. Hauzuii kitu, maana pande zote mbili siku hizi wanaishi weusi.

Baada ya vita sheria ya 1944 iliwapa askari waliorudi mikopo ya nyumba na ada za chuo. Weusi walikuwa wamepigana dhidi ya Hitler kama wenzao, na sheria haikutaja rangi. Mikopo lakini ilipitia benki za mtaani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1947 katika miji 13 ya Mississippi ulikuta mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari. Iliyokwenda kwa weusi ilikuwa miwili.

Nimekaa sana kwenye nyumba kwa sababu nyumba ndiyo shamba la Mmarekani wa kawaida. Ndiyo anayoiweka rehani mtoto aende chuo, ndiyo anayoiuza uzeeni, ndiyo anayoiacha. Kwetu hili halihitaji ramani. Nani asiyejua jinsi kiwanja kilichoporwa enzi za babu kinavyoamua mjukuu gani anasoma shule gani leo? Kwa takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022, ukizipanga familia za wazungu mstari mmoja toka maskini hadi tajiri, ile ya katikati ina mali ya dola 285,000 baada ya kutoa madeni. Ya weusi ina 44,900.

Mpinzani makini hapa atataja Wajapani. Mwaka 1942 Marekani iliwatia kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani, wengi wao raia, wakapoteza maduka na mashamba. Leo kipato chao kiko juu ya wastani wa nchi. Hoja ni nzuri, nami huwa nasubiri itajwe, kwa sababu mwaka 1988 serikali hiyo hiyo iliwaomba radhi ikamlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Waliokuwa watumwa je? Kulipwa kulikuwepo, lakini angalia nani alilipwa. Aprili 1862, utumwa ulipofutwa katika jiji la Washington, hazina ya serikali ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, na fedha zikaenda kwa mabwana. Januari 1865 Jenerali Sherman, wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliagiza familia za waliokombolewa wagawiwe ardhi ya pwani ya Georgia na South Carolina, hadi ekari 40 kila moja. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuirudisha kwa waliokuwa wamiliki wake.

Hapo mjomba angeniambia: hayo ni ya jana, mtu wa leo anabaguliwa na nani? Tuende leo basi. Wachumi wawili walituma barua za maombi ya kazi karibu 5,000 huko Boston na Chicago, sifa zile zile, majina tofauti. Majina yanayosikika ya kizungu yaliitwa zaidi kwa asilimia 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na yametajwa kila mahali. Kisichotajwa ni orodha yenyewe ya majina yaliyohesabiwa kuwa ya weusi. Pamoja na Lakisha na Tyrone, wamo Jamal, Hakim, Rasheed, Kareem, Aisha, na hata Kenya, ambalo huko ni jina la msichana. Yaite majina hayo sokoni Mwembe Tayari, Mombasa, uone watakaogeuka. Baadhi ya majina hayo yalipendwa sana miaka ile ya 1960 na 1970 Wamarekani weusi walipokuwa wanatafuta majina yasiyo ya bwana, na sikukuu yao ya Kwanzaa, iliyoanzishwa 1966, ikabeba maneno yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani.

Utafiti mwingine, wa Milwaukee, uliochapishwa 2003, ulinishtua zaidi. Vijana walitumwa kuomba kazi wakiwa na sifa sawa, baadhi wakijitambulisha kuwa waliwahi kufungwa. Mzungu aliyetoka jela aliitwa kwa asilimia 17. Mweusi ambaye hajawahi kufungwa, 14.

Lakini hata hapa pande zote mbili zina la kushika. Utafiti mkubwa wa karibuni zaidi, wa maombi kama 83,000 kwa makampuni 108 makubwa, ulikuta pengo dogo kuliko la Boston na Chicago, pointi mbili hivi za asilimia, tena likiwa limerundikana: sehemu moja ya tano ya makampuni ilibeba karibu nusu ya ubaguzi wote. Kwa maana hiyo anayesema "mimi nimeomba kazi nyingi sijaona ubaguzi" huenda hasemi uongo, na anayesema ameuona huenda naye hasemi uongo. Wamebisha milango tofauti.

Sasa nirudi kwenye lile begi moja. Mjomba alikuja na begi moja, ni kweli. Lakini nauli ya ndege ilitoka kwenye kipande cha shamba la kahawa la babu, Moshi, kilichouzwa ili aende. Shamba lilikuwa na hati, babu alikuwa anajulikana kwa jina na ukoo, na hakuna aliyekuja usiku kulichoma kwa kuwa mwenyewe ni mweusi. Kisha akapita kwenye chujio. Bahati nasibu ya green card yenyewe inadai uwe umemaliza sekondari, au uwe na miaka miwili ya uzoefu wa kazi inayotambulika. Ongeza usaili wa ubalozini, hela ya vipimo, moyo wa kuacha nyumbani. Anayebaki baada ya chujio hilo angefanya vizuri Dubai au Melbourne pia. Ndiyo maana wahamiaji wa Kiafrika wana digrii kwa wingi kuliko Mmarekani wa wastani. Mlinganishe na Mkongo aliyekaa miaka ishirini kambi ya Nyarugusu akaletwa Marekani kama mkimbizi bila kuchujwa kwa vyeti, uone kama "sisi tumeweza" inamhusu.

Mjomba anayo haki ya kujibu: basi si rangi, ni maandalizi. Na hapo nakubaliana naye kuliko anavyodhani. Rangi peke yake haielezi kila kitu, la sivyo asingepita yeye. Kinachorithiwa ndicho kinachopishana, na yeye alirithi kitu.

Alirithi na kingine ambacho hakukipata kwa babu. Mlango. Hadi 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani iligawa nafasi kwa mataifa, na Afrika nzima iliachiwa za kuhesabu. Sheria iliyofuta mgao huo ilisainiwa Oktoba 1965, miezi miwili tu baada ya ile ya kura, ikiwa imepitishwa na bunge lile lile, katika joto lile lile la maandamano ya Alabama. Na kabla ya mlango kufunguliwa, kulikuwa na dirisha. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, wa kupeleka vijana vyuoni Marekani ilifika New York na wanafunzi 81. Waliotia saini barua ya kuchangisha nauli zao ni mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson wa besiboli, weusi ambao wenyewe hoteli chungu nzima hazikuwapokea. (Baba yake Obama hakuwemo kwenye ndege ile, ingawa wengi huapa alikuwemo.) Mwaka uliofuata Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo.

Hata tabia ya kututenganisha sisi na wao hatukuibuni sisi. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alisimama kwenye mgahawa wa barabara ya 40 huko Maryland, akienda Washington, akanyimwa kahawa. Serikali ya Kennedy ilifedheheka mbele ya dunia. Aliyemnyima, alipoulizwa na waandishi, alieleza kwamba kwake alionekana mweusi wa kawaida tu, hakujua kama ni balozi. Yaani angejua angempa. Sisi wenye lafudhi tumekuwa tukiishi ndani ya hiyo "angejua" kwa miaka sitini, tukidhani ni sifa yetu.

Na mara nyingine hakuna muda wa kujua. Februari 1999 askari wanne wa New York walifyatua risasi 41 kwa Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyekuwa mlangoni kwake Bronx. Alichokitoa mfukoni kilikuwa pochi. Risasi 19 zilimpata. Lafudhi yake haikupata nafasi ya kusikika, na askari wote wanne waliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata.

Kuna jambo moja ambalo pale uani hakuna aliyelitaja, nadhani kwa sababu lingetuaibisha. Nafasi za vyuo zilizotolewa kwa kuzingatia rangi, utaratibu ambao Mahakama ya Juu iliufuta Juni 2023 katika kesi za Harvard na North Carolina, tulizila sisi pia, tena kwa kijiko kikubwa. Utafiti wa wanafunzi walioingia vyuo teule mwaka 1999 ulikuta zaidi ya robo ya weusi walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Majaji wawili weusi wa mahakama hiyo walitazama suala hilo wakaona mambo mawili. Clarence Thomas, aliyekulia kwenye umaskini wa Georgia, alisema upendeleo kwa rangi unawadhalilisha wale wale unaodai kuwasaidia. Ketanji Brown Jackson akaorodhesha pengo la mali, nyumba na afya, akauliza mtu atalifumbiaje macho. Mimi kwenye kutambua tatizo niko na Jackson. Kwenye dawa, nikikumbuka ni watoto wa nani waliokuwa wanapata nafasi zile, Thomas ananisumbua.

Jioni ile ya pili, bima ilipopatikana, binti wa mjomba alikaa na kompyuta mezani akaniomba nimsomee wasifu wake kabla hajautuma. Umepangwa vizuri, alama nzuri, mafunzo ya kazi hospitali mbili. Juu kabisa, pale nilipotarajia kuona Neema, palikuwa pameandikwa Grace. Nikamuuliza nani alimshauri.

"Baba," akasema.

Mjomba alikuwa jikoni akichemsha chai. "Ni jina lile lile," akasema bila kugeuka. "Tafsiri tu."

Kisha akauliza nani anataka sukari.